Tenti ya Wawili ni ya Mmoja na Bagi Yake

Mbogi za Nairo zimeanza kulala nje. Ile kupanda Longonot asubuhi na kurudi keja jioni bado iko, lakini wasee wengi sai wanataka usiku mzima: moto, nyota, chai ya alfajiri, na ile baridi inakugonga kwa uso ukifungua zipu. Ni form safi na naisapoti na roho yote. Shida inaanzanga dukani. Msee anaona bagi imeandikwa "watu 2", anapiga hesabu ya yeye na beste yake, anatoa doo, anahepa. Usiku wa kwanza mabega zinagusana, mabagi zimelala nje kwa umande, na kila mtu akigeuka anabandika uso kwa kitambaa yenye maji.

Msimamo wangu nitausema mapema ndio tusipotezeane time. Chukua tenti yenye nafasi ya mtu mmoja zaidi ya mbogi yenu, alafu ukatae uzito. Hizo vitu mbili hazigombani venye wasee wengi wanadhani. Nafasi inatokana na umbo ya tenti kuliko wingi wa kitambaa, na ukishajua kusoma umbo unapata pahali fiti ya kudozi bila kumaliza mgongo.

Namba kwa bagi inahesabu mikeka

Mkeka wa kawaida wa kulalia uko na upana wa sentimita 51. Watengenezaji wanaweka mbili kando kwa kando, wanaongeza nafasi kidogo, na hapo wanaandika "watu 2". Tenti nyingi za wawili ziko kati ya sentimita 125 na 130 kwa upana. Sasa chukua godoro ya nne kwa sita, ile imejaa kwa mabedsita za Roysambu na Kahawa. Hiyo ni kama sentimita 122. Yaani tenti ya wawili inapita hiyo godoro na vidole kadhaa tu, na bado hujaingiza bagi, njumu na jaketi.

Kwa hivyo jiulize swali ya ukweli: nyinyi wawili mnaeza lala kwa nne kwa sita bila vita, na mabagi ziwe zimepangwa hapo kando? Kama mnaeza, fiti, okoa uzito. Kama hamwezi, ruka uende ya watatu. Hiyo inaanzia kama sentimita 165 na ingine inafika 180, upana wa kupita tano kwa sita hadi karibu sita kwa sita. Wawili wakilala hapo, kila mtu anageuka venye anataka na mabagi zinalala ndani. Kama unaenda solo, ile ya wawili ndio yako.

Urefu nayo usiipuuze. Tenti ya sentimita 210 inaonekana mob hadi kwa msee mrefu, lakini kuta za kichwani na miguuni zikiwa zimelala, zinakula nafasi pande zote mbili. Msee wa futi sita anahitaji hizo 210 au zaidi ndio begi yake ya kulala isiguse kitambaa. Ikigusa, inalowa, na begi ya kulala ya manyoya ikilowa joto yote imeenda. Cheki pia kama sakafu ni mstatili kamili. Kuna zenye ziko na upana wa kutosha mabegani alafu zinabana miguuni ili zipunguze gramu. Kwa mtu mmoja hiyo ni sawa. Kwa wawili wenye wanataka kulala mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, ni noma.

Umbo ndio keja

Hapa ndio pesa inafanya kazi au inapotea. Tenti mbili zinaeza kuwa na sakafu sawa na uzito sawa, lakini moja mnakaa ndani wawili mkipiga stori na kucheza karata, na ingine lazima mlale tu. Tofauti iko kwa kuta.

Ile tenti ya kuba ya kawaida, fito mbili zimepishana katikati, iko na kimo pahali moja tu: pale katikati kabisa. Ukisonga kidogo kando, kichwa inagonga. Sasa tafuta yenye iko na kafito kafupi kanapita juu kwa juu, kutoka mlango huu hadi ule. Hako kafito kanavuta kuta ziwe wima, na ghafla nyinyi wawili mnakaa mkiangaliana bila kukunja shingo. Kanaongeza gramu chache tu. Fito zenye zimepindwa tangu kiwandani zinasaidia vilevile, juu zinafanya ukuta upande kwanza kabla ulale. Kimo cha mita moja hivi kinatosha msee wa kawaida kukaa wima, bora hicho kimo kisiwe cha pahali moja.

Kitu ya pili ni milango miwili, kila moja na baraza yake. Baraza ni ile sehemu kifuniko cha mvua kinapita mlango na kuacha nafasi chini yake. Hapo ndio njumu zenye matope zinalala, hapo ndio bagi inakaa ikiwa kavu. Na milango miwili inamaanisha ukiamka saa tisa usiku kukojoa, humkanyagi mtu. Kwa wasee wawili wenye wanataka kubaki mabeste, hiyo kitu ni ya lazima. Baraza mbili nzuri zinaeza kufanya tenti ya wawili itoshe wawili kweli, juu mizigo yote imehama nje bila kulowa.

Mifuko ya ndani, ndoano ya kutundika tochi, ukuta wa rangi nyepesi unaoingiza mwanga: hizo ni nyongeza poa, uzito wake ni mdogo, lakini zisikuuzie tenti mbaya.

Uzito: hesabu ya mgongo

Kuna tofauti kubwa kati ya kempu ya kushuka na dinga hadi pale na ile ya kubeba. Kama mnaenda Naivasha na gari ya mtu, kilo tano haziumi mtu. Lakini mbogi mob zinategemea mat na miguu. Unashuka hapo Longonot kwa barabara, nduthi inakupeleka geti ama unatembea. Kwa Mlima Kenya unabeba kutoka geti ya Sirimon kwa mita 2,650 hadi kempu ya Old Moses kwa 3,300, na hiyo ni siku ya kwanza tu.

Kanuni ya wasee wa milima ni kwamba bagi ya kulala nje isipite asilimia 20 ya uzito wako. Msee wa kilo 65 anabaki na kilo 13, na hapo kuna maji, dishi, nguo za baridi, jiko na begi ya kulala. Tenti ikikula kilo nne peke yake, kitu ingine muhimu itabaki keja.

Lenga kilo moja hadi moja na robo kwa kila mtu. Yaani wawili wakibeba tenti ya watatu ya kilo mbili na nusu, wako poa kabisa. Na msibebe kama punda mmoja: mmoja achukue kitambaa cha ndani na vigingi, mwingine kifuniko na fito. Ukisoma kwa bagi au tovuti ya kampuni, kuwa rada, juu kuna uzito aina mbili. Moja ni ya tenti, kifuniko na fito peke yake. Ingine ni ya kila kitu: vigingi, kamba, mifuko. Ile ya pili ndio utabeba, kwa hivyo linganisha hiyo.

Pima pia urefu ikiwa imekunjwa. Fito zenye zinakunjika hadi kama sentimita 45 zinaingia ndani ya bagi. Zile za sentimita 60 na kupanda zinatoka nje, zinashika watu kwa mat, na kwa njia ya vichaka zinanasa kila tawi.

Mvua ya huku haijui msimu wako

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Disemba, lakini milima ziko na ratiba yao. Aberdare na Mlima Kenya zinaeza kukunyeshea mchana wa Januari. Kwa hivyo usinunue tenti ya jua.

Cheki kifuniko kwanza. Zile tenti za bei ya chini ziko na kofia ndogo juu, na kuta za pembeni zimebaki peke yake. Mvua ikija na upepo, inaingia kwa pembe na mnalowa. Kifuniko cha ukweli kinashuka hadi karibu na udongo pande zote.

Alafu soma namba ya maji. Inaandikwanga kwa milimita, na maana yake ni rahisi: kitambaa kinahimili safu ya maji ya kimo hicho kabla kianze kuvuja. Kwa kifuniko anzia 1,500. Sakafu itake zaidi, juu goti yako ikikandamiza chini kwa udongo uliolowa, maji inasukumwa ipande. Mishono lazima iwe imebandikwa tepu kwa ndani. Pitisha kidole kwa mshono. Ukihisi matundu ya sindano yako wazi, maji nayo itayapata. Sakafu iwe imepanda pembeni sentimita kadhaa kama karai ndio maji ya kutiririka isiingie.

Kitambaa nacho kiko na tabia. Nailoni ni nyepesi na ina nguvu, lakini ikinyonya maji inalegea, kwa hivyo ukiseti jioni na mvua ije, toka ukaze kamba kabla udozi. Poliesta hailegei sana na inavumilia jua zaidi, ila kwa nguvu sawa inakuwanga nzito kidogo. Na jua yetu ya ikweta inakula zote mbili. Tenti ikisimama wiki mzima juani inazeeka haraka kuliko ile inasetiwa jioni na kukunjwa asubuhi. Kivuli cha mti kinaongeza miaka, bora usiwe chini ya tawi kavu.

Alafu kuna ile maji ya kutoka ndani. Pumzi ya wasee wawili usiku mzima inagonga kitambaa baridi na kugeuka matone. Wengi wanadhani tenti imevuja. Dawa ni kuta mbili: ya ndani ya wavu, ya nje ya kuzuia mvua, na hewa ikipita katikati. Tafuta yenye iko na madirisha ya hewa juu, alafu uyafungue hata kukiwa na baridi. Zile za ukuta moja ni nyepesi sana, lakini kwa baridi na unyevu wa milima yetu, asubuhi utakuwa unapanguza.

Magadi haifanani na Shipton's

Ukipanda kila mita 1,000, joto inashuka kama digrii sita na nusu. Nairobi iko kama mita 1,700, kempu ya Shipton's pale Mlima Kenya iko 4,200. Hesabu inakupatia kama digrii 16 chini ya Nairobi, na usiku maji ya chupa inaganda. Magadi nayo iko chini, kama mita 600, na usiku joto haiachii mtu. Tenti moja inaeza kutumikia pande zote kama ni ile ya misimu mitatu, wavu ukiwa mwingi juu na kitambaa kizima kikipanda kidogo pembeni ili kuzuia vumbi na upepo. Kwa Magadi unakunja kifuniko ulale na wavu tupu. Kwa mlima unakifunga na unategemea begi ya kulala ya ukweli. Tenti inazuia upepo na mvua. Joto yako inashikwa na begi na mkeka.

Kwa Mlima Kenya, njia ya Chogoria inadai tenti kuliko Sirimon, juu hakuna vibanda vya kulala kila hatua, na wasee wengi wanalala kwa tenti karibu na Ziwa Ellis. Huko upepo unakuja na nguvu. Hata hapa karibu, cheki Ngong: ile mitambo ya upepo haikuwekwa hapo kwa urembo.

Hapo ndio fito zinaonyesha sura. Za faibaglasi ni bei nafuu lakini ni nzito, na zikivunjika zinapasuka vipande vikali. Za aluminiamu zinapinda, unazinyoosha, unaendelea. Kila tenti ya kubebwa iwe na za aluminiamu, na kabomba kadogo ka kuunganisha fito ikivunjika. Kamba zote zifungwe, si zile za kona tu. Chagua pia tenti yenye inasimama yenyewe kwa fito zake. Suswa kuna mawe ya volkano, Magadi kuna udongo mgumu, na kigingi kinaeza kukataa kabisa. Hapo unafunga kamba kwa mawe na maisha inaendelea.

Pahali pa kushika

Anza na kukodi. Tao kuna wasee wengi wanakodisha tenti kwa wikendi, na hiyo ndio shule bora: unalala ndani, unajua kimo unataka, unajua kama milango miwili ni ya lazima kwako. Baadaye unanunua na akili.

Gikomba na Toi zinaeza kukupatia tenti kali ya mitumba kwa bei ya kuingia mfukoni, lakini kagua kama fundi. Ifungue yote, usikubali kuonyeshwa ikiwa kwa mfuko. Nusa ndani ya kifuniko na sakafu. Harufu kali na kunata kwa mkono inamaanisha tabaka ya kuzuia maji imeanza kuoza, na hiyo haisafishiki. Ng'oa kidogo tepu za mishono na ukucha. Zikitoka, bei ishuke ama uende. Hesabu fito, ziunganishe zote, vuta mpira wa ndani. Endesha kila zipu kwenda na kurudi. Inua kitambaa uangalie jua ipite: matundu yataonekana. Kishimo kidogo kinazibwa na kiraka, lakini wavu uliochanika pembeni ya zipu utakuletea mbu na siafu usiku.

Dukani kwa mpya, omba isetiwe. Lala ndani na beste yako na mabagi zenu. Kaa wima. Fungeni milango. Muuzaji mwenye anaamini tenti yake atakubali.

Ukifika kempu

Tenti nzuri ikisetiwa vibaya ni kitambaa tu. Ondoa miiba ya migunga kwanza, tandika karatasi ngumu chini, na hiyo karatasi iwe ndogo kuliko sakafu ndio isikusanye mvua. Geuza mlango upande upepo hautoki. Usilale kwa mkondo wa mto hata ukiwa mkavu kabisa. Hell's Gate maji ya ghafla ilibeba watu mwaka wa 2012 na tena 2019, na mvua yenye inaleta hayo maji inaeza kunyesha mbali na pale ulipo. Huko laleni kempu rasmi kama Ol Dubai au Naiburta, pahali juu, penye askari wa KWS wanajua mko.

Dishi isilale ndani. Nyani wanajua zipu na wakikosa njia wanararua. Ukiwa kando ya Ziwa Naivasha, viboko wanatoka usiku kula nyasi, kwa hivyo kaa ndani ya ua ya kempu na usitembee ufukweni na giza.

Ukirudi keja, hata ukiwa umechoka vipi, fungua tenti na uitundike ikauke kabisa kabla uiweke. Tenti zinakufa kwa kuhifadhiwa zikiwa na unyevu.

Kwa hivyo mbogi yangu, form ni hii. Wawili, shika ya watatu, kilo mbili na nusu kushuka, milango miwili, fito za aluminiamu, kifuniko hadi chini, maji 1,500 kwenda juu. Kama chapaa haitoshi sai, kodi, endelea kuweka. Usinunue ile ya kukata hamu, juu itakufukuza milimani kabla uzipende. Milima ziko hapa karibu, na zinapendeza zaidi kwa msee amelala vizuri.